Uzi Mweusi Chini ya Mkaratusi

Mtu aliyesoma mita za maji kwa miaka thelathini na mmoja hamwamini binadamu, na msimlaumu. Kila nyumba ina tabasamu lake mlangoni na bomba lake la wizi uani. Mzee Mita, ndivyo alivyoitwa na mtaa mzima hadi wajukuu zake mwenyewe, aliyaona yote: mita iliyozikwa chini ya banda la sungura, mita iliyogeuzwa ili irudi nyuma, mita iliyofungiwa mbwa mkali siku ya kusoma tu, na siku nyingine zote mbwa huyo huyo analala jikoni na paka. Alistaafu na cheti, saa ya mkononi, na jicho la kushoto lililozoea kufinywa. Ukimpa habari za asubuhi, kwanza anakutazama viatu.

Kazini kwao kulikuwa na desturi mbili. Ya kwanza, msomaji akikuta geti limefungwa aliruhusiwa kuandika namba ya kukisia, akaweka herufi K pembeni, yaani kadirio, akaenda zake. Wenzake waliziandika K hizo kwa furaha, hasa siku za mvua. Mzee Mita hakuandika hata moja. Alirudi mara tatu, mara nne, akasimama getini hadi watu wakafungua kwa aibu. "Sijaona kwa macho yangu, siandiki," ndilo lilikuwa neno lake, na wakubwa walimchoka kwa hilo. Desturi ya pili, msomaji akigundua amekosea haruhusiwi kufuta. Anapiga mstari mmoja wa wino mwekundu juu ya kosa, anaandika lililo sahihi, anatia sahihi yake pembeni. Miaka yote hiyo kalamu nyekundu ya Mzee Mita ilikaa mfukoni hadi ikakauka bila kutumika. Habari hiyo aliisimulia hata misibani.

Sasa mtu wa namna hii alikutana vipi na ndege? Kwa kazi hiyo hiyo. Kipupwe cha miaka kumi na mmoja nyuma alitumwa kusoma mita kubwa ya bwawa la mji, kule nyuma ya nyumba za mwisho. Asubuhi ilikuwa ya baridi ya kuuma masikio, ukungu umelalia maji. Ameinama anafuta kioo cha mita, mara akasikia sauti juu yake iliyomnyoosha mgongo. Kwenye mkaratusi mrefu kuliko yote alikuwapo tai mwenye kichwa cheupe, amerusha kichwa nyuma, analia kana kwamba bwawa zima ni lake na ameandikiwa. Mzee Mita alisahau mita. Siku ile alirudi ofisini na ukurasa mtupu, na wenzake walidhani anaumwa.

Toka hapo kila kipupwe, majira ambayo tai yule na mwenzake hutaga, alikuwa huko kila alipopata nafasi. Alipostaafu alihamia kabisa. Alikuwa na jiwe lake la kukalia, darubini yake yenye lenzi moja iliyopasuka ukingoni, na daftari lililochorwa mistari sawasawa na kitabu cha mita: saa, ndege, idadi, na safu ya mwisho, sababu. Aliwaandika wote. Minandi wakianika mabawa juu ya uzio wa nyumba ya pampu, ishirini na mbili. Yangeyange, tisa. Vitwitwi wanaokimbia topeni, hawahesabiki vizuri kwa kuwa hawatulii, lakini aliwahesabu mara tatu tatu hadi namba zikalingana. Bata maji, kanga wa mwitu, korongo mmoja mzee mwenye mguu wa kuchechemea. Lakini roho yake ilikuwa kwa tai.

"Wanawake wenzangu wanaogopa mke mwenza mwenye hina," mkewe alikuwa akiwaambia majirani. "Mimi wa kwangu ana manyoya."

Mwaka huu Mzee Mita hakuwa na moyo wa kucheka. Tai wale walikuwa wamekosa kinda kwa vipupwe viwili mfululizo. Mwaka juzi upepo ulikiangusha kiota. Mwaka jana alikuta maganda ya yai chini ya mti, na mama tai amekaa kwenye tawi siku nne bila kwenda popote. Aliamini kabisa kwamba wakikosa mara ya tatu watahama. Bwawa lingine liko mbali, na magoti yake hayakuwa tena ya kwenda mbali. Yai la mwaka huu likipotea, sauti ile haitasikika tena asubuhi, naye atabaki mzee wa kukaa barazani akisubiri chai. Hilo ndilo lililomkosesha usingizi.

Na maganda yale ya mwaka jana aliyafikiria kama msoma mita. Kitu kimepungua, basi kuna aliyechukua.

Mama tai alipoanza kulalia, Mzee Mita aliandika "Siku ya 1" akaanza kuhesabu. Siku arobaini na nne, tano hivi, yai litaanguliwa. Jioni ya siku ya nane akafanya alichokuwa akikifanya zamani kwa nyumba alizozishuku. Enzi zile alikuwa akifunga uzi mwembamba mweusi kati ya mita na kifuniko chake; akirudi akiukuta umekatika, mtu amepatikana. Akachukua kibunda cha uzi mweusi kwenye kikapu cha kushonea cha mkewe, bila kuomba, akaenda kuufunga kwa urefu wa kifundo cha mguu kwenye kinjia pekee kinachopita matetani hadi chini ya mkaratusi. Alikaa kwenye jiwe lake tangu asubuhi hadi saa sita, na kabla ya kurudi nyumbani alipita kinjia kile kwenda kuusoma uzi.

Siku ya tisa uzi ulikuwa umekatika.

Akatoka matetani, akainua uso juu ya mti: kiota kitupu. Mama hayupo! Na upepo wa siku ile ulikuwa wa kupenya koti. Yai haliachwi wazi katika baridi ya namna hiyo. "Mtu ametoka hapa sasa hivi," akajisemea, na akaanza kupekua matete huku tai akizunguka juu akilia. Anamlilia mwizi, akawaza Mzee Mita, vumilia mwanangu, nitamkamata. Hakukamata mtu. Akafunga uzi mpya, akaandika: "Siku ya 9. Saa sita na dakika nane, uzi umekatika, mama hayupo. Karudi saa sita na ishirini. Sababu: mtu." Neno la mwisho alilipigia mistari miwili chini yake.

Siku ya kumi, hivyo hivyo. Ya kumi na moja, hivyo hivyo. Kila akifika chini ya mti, uzi umekatika na tai hayupo. Mwizi huyo alikuwa mwepesi kuliko wezi wote wa maji aliowahi kuwajua, maana kila siku alikuwa ametangulia kwa dakika moja tu. Basi Mzee Mita akazidisha bidii. Alipekua matete, akapekua vichaka, akashuka hadi ukingo wa maji kutafuta nyayo. Robo saa, nusu saa. Na namba za daftari zikazidi kumtisha, kwa sababu tai naye alizidi kuchelewa kurudi kwenye yai.

Mshukiwa wa kwanza hakuwa mbali. Alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, mfuga kuku, ambaye nyumba yake ndiyo ya mwisho kabla ya bwawa. Mwanzoni mwa kipupwe alipoteza vifaranga watatu, akasema mezani kwa Mzee Mita mbele ya watu, "Shemeji, huyo ndege wako akigusa kuku wangu tena namnywa supu." Watu walicheka. Mzee Mita alicheka pia, kisha akaenda chooni akayaandika maneno yale pamoja na saa.

Siku ya kumi na sita alimfuata bandani. Hakuna cha hodi wala habari za hapa.

"Shemeji, jana saa sita mchana ulikuwa wapi?"

Shemeji alikuwa ameinamia ndoo ya pumba. Akainuka taratibu, mkono kiunoni. "Karibu, shemeji. Mimi sijambo, kuku hawajambo, asante kwa kuuliza."

"Nimeuliza saa sita."

"Saa sita nalisha. Kila siku saa sita nalisha. Unaandika nini hapo?"

"Inua mguu."

Na shemeji, kwa mshangao tu, akainua mguu. Mzee Mita akachungulia soli ya buti. Pumba, unyoya, kinyesi cha kuku. Hakuna jani la tete hata moja. Mtu mwingine angeomba radhi hapo hapo. Yeye alifinya jicho la kushoto.

"Umelisafisha," akasema.

"Toka!" Shemeji alipaza sauti hadi kuku wote wakapanda vichanja. "Toka bandani kwangu! Nina goti bovu mwaka wa pili huu, hata dukani siendi, wewe unakuja kuniambia napanda miti! Toka!"

Habari ilimtangulia nyumbani. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na mwiko. "Baba watoto, umemwita ndugu yangu mwizi mbele ya kuku wake?"

"Sijamwita. Nimeuliza."

"Na mimi nauliza. Uzi wangu mweusi uko wapi?"

"Uzi gani?"

"Baba watoto."

Mwizi wa uzi, walau, alijulikana upesi. Jioni ile chai aliletewa bila sukari na hakuthubutu kuuliza.

Unadhani aliacha? Thubutu. Siku zikaenda, ya ishirini, ya thelathini, na uzi ukakatika kila siku. Siku ya thelathini na nane mama tai alikaa nje ya kiota dakika hamsini na mbili. Hamsini na mbili! Mzee Mita alisimama chini ya mti na kofia mkononi, baridi inamwingia kwenye mifupa, akiwaza jinsi yai lilivyo huko juu peke yake. Machozi yalimlenga, akayafuta kwa hasira. Ndipo alipoona, ng'ambo ya bwawa, juu ya miamba, kitu kinameta. Kikameta tena. Kioo. Mtu mwenye darubini anamtazama.

"Nimekupata," akasema.

Kesho yake hakwenda kwenye jiwe lake. Alizunguka bwawa, mwendo wa saa nzima, akapanda miamba kwa magoti na mikono. Akafika kwa nyuma. Juu pale amekaa mwanamke wa makamo yake, koti zito la kijani, skafu nyekundu hadi puani, juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mbele yake chupa ya chai, daftari la jalada gumu, na darubini nzuri kuliko ya Mzee Mita, jambo ambalo nalo lilimuudhi.

"Usisogee!" akamfokea.

"Nisogee niende wapi, na nimekaa?" mwanamke akajibu bila kugeuka. "Na ushushe sauti. Mama yuko juu ya yai."

"Wewe ni nani? Unafanya nini hapa? Tangu lini?"

"Ni mkunga, nimestaafu. Kipupwe cha tano hiki nipo hapa." Sasa akageuka, akamkagua tangu utosini hadi kwenye viatu, na hakuna aliyewahi kumkagua Mzee Mita namna ile. "Na wewe ndiye wa kofia ya kijivu."

Alilitamka kama jina la ugonjwa.

"Lete kitabu," akasema Mzee Mita, mkono mbele, kama alivyounyoosha kwenye milango yote ya mji.

"Lete chako kwanza."

"Mimi ndiye ninayekagua."

"Nani kakutuma?"

Mwishowe wakabadilishana kwa pamoja, kila mmoja ameng'ang'ania chake hadi ameshika cha mwenzake, kama watoto wanaobadilishana gololi.

Mwandiko wa mkunga ulikuwa mdogo, wima, bila madoido. Mzee Mita alifungua siku ya tisa.

"Saa sita na dakika saba. Mwanamume wa kofia ya kijivu ameingia matetani kuelekea mti. Mama ameshtuka, ameruka. Mwanamume anapekua matete. Mama anazunguka, analia, hathubutu kutua. Saa sita na kumi na tisa mwanamume ameondoka. Saa sita na ishirini mama karudi kwenye yai."

Siku ya kumi. "Ameinama, anafunga kitu chini. Mtego?"

Siku ya ishirini na mbili. "Kanga wa mwitu kumi na wanne wamepita kinjia cha matete kwenda kunywa, kama kila asubuhi. Saa sita yule mtu tena."

Siku ya thelathini na moja. "Upepo mkali. Amekaa chini ya mti dakika arobaini na moja. Nimelia."

Siku ya thelathini na nane. "Dakika hamsini na mbili. Kesho nakwenda polisi."

"Saa yako mbovu," akasema Mzee Mita.

Mkunga akapandisha mkono wa koti, akaiweka saa yake kando ya ile ya kustaafu. Dakika kwa dakika. Mzee Mita akarudi kusoma tokea siku ya tisa, kidole chini ya kila mstari, na cha pili kwenye daftari lake ambalo mkunga alikuwa amelifungua magotini. Hakuna namba hata moja iliyopishana. Akarudia siku ya ishirini na mbili. Kanga kumi na wanne. Kila asubuhi. Miguu ishirini na minane kwenye uzi wa kushonea sketi.

Akaketi chini bila kuchagua mahali.

Hapakuwa na mtu aliyetangulia kwa dakika moja. Mtu alikuwa yeye. Tai aliruka kwa kuwa alimsikia yeye matetani, na kadiri alivyomtafuta mwizi kwa bidii ndivyo yai lilivyozidi kupoa. Siku thelathini alikuwa akisoma mita huku ameikalia.

"Mwaka jana," akasema, "maganda chini ya mti."

"Kenge. Nilimwona anapanda. Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka, lakini kutoka huku ng'ambo ningefanya nini?"

"Na sasa? Yai ni zima?"

"Sijui." Mkunga alimrudishia daftari, na uso wake ulikuwa umelegea kidogo. "Huku naona ndani ya kiota. Ni yai moja. Naona anavyoligeuza kwa mdomo. Uhai wake sitauona mpaka siku yenyewe."

"Nifanye nini?" Kwa Mzee Mita swali hilo lilikuwa jipya mdomoni.

"Usije."

"Nitakaa mbali, pale kwenye jiwe..."

"Usije kabisa. Ukikaa pale miguu itakupeleka. Na hapa kwangu pana nafasi ya mtu mmoja, tena mkimya." Akamimina chai kwenye kifuniko, akampa. "Mzee, nimezalisha watu miaka thelathini na tisa. Unajua nani alinisumbua kuliko wote? Anayempenda mgonjwa kupita wote. Ndiye anayefungua mlango kila dakika, anaingiza baridi, anauliza imekuwaje, anamshika mgonjwa pasiposhikwa. Niliwatoa nje, na walinichukia. Basi na wewe nakutoa nje."

Mzee Mita alikunywa chai yote. "Nitajuaje?"

"Nitakuja kukwambia."

"Unakujua kwangu?"

"Heee! Umesoma mita yangu miaka ishirini. Kuna siku ulinisimamisha getini na gauni la kulalia, mvua inanyesha, eti mpaka uione namba kwa macho yako. Kwa darubini niliona kofia tu. Leo nimeliona jicho."

Yeye hakumkumbuka hata kidogo. Miaka ishirini aliitazama mita.

Alirudi nyumbani, akaitoa kalamu nyekundu mfukoni mwa koti la kazi. Ilikuwa imekauka, ndiyo. Akaloweka ncha yake kwenye kikombe cha maji ya moto hadi ikatoa rangi. Akaanza siku ya tisa: mstari mmoja juu ya "mtu", pembeni akaandika "mimi", akatia sahihi. Siku ya kumi, "mimi". Siku ya kumi na sita, palipoandikwa "shemeji?", akapiga mstari, "mimi". Mara thelathini, sahihi thelathini, hadi mkono ukauma.

Kesho yake akaenda bandani, na safari hii alipiga hodi.

"Nani?" shemeji akauliza, ingawa alimwona.

"Ni mimi."

"Nakuona kama ni wewe."

"Hapana, shemeji. Nasema ni mimi. Yule mtu wa saa sita. Ni mimi. Nisamehe."

Shemeji akamsukumia ndoo ya pumba kwa mguu ule mzima. "Basi lisha. Saa sita ndiyo hii, na mimi goti linaniuma."

Ndivyo Mzee Mita alivyopitisha siku zake: asubuhi anatengeneza bomba linalovuja, saa sita analisha kuku wa watu, jioni anahesabu kunguru juu ya paa la jirani. Siku ya arobaini na nne ikaja, hakuna aliyegonga. Ya arobaini na tano, kimya. Mkewe alimtilia sukari vijiko vitatu bila kuambiwa.

Siku ya arobaini na sita mawazo ya zamani yakamrudia. Hivi yule mama ni nani hasa? Nani kamwona akizalisha? Mtu anakaa peke yake juu ya mwamba, ana darubini ya maana, anakwambia kwa sauti tamu ya chai uache kulinda, uende kwako. Mwizi hodari angesema maneno gani mengine? Alikuwa na namba zote, saa zote, anajua kila kitu kuhusu kiota kile. Siku ya arobaini na saba Mzee Mita alivaa kofia, akachukua darubini, akaondoka bila kuaga.

Alifika kwenye uzio wa shemeji. Mbele yake barabara ilikuwa wazi hadi kwenye matete.

"Unakwenda?" Shemeji alikuwa ameegemea mlango wa banda.

"Shemeji, na kama yule mama ndiye mwizi?"

Shemeji akalifikiria swali kwa makini yote, akitafuna kijiti. Kisha akasema, "Inua mguu."

Mzee Mita akainua.

Shemeji akainama kwa shida, akachungulia soli. "Hakuna tete," akasema. "Bado hujakosa. Rudi."

Alisimama pale na mguu mmoja hewani, mzee wa miaka sitini na sita. Alitaka kwenda. Alitaka kuona, kuona tu, kama alivyotaka kila kitu maisha yake yote. Kisha akaushusha mguu, akazunguka, akarudi kwake. Ilimchukua muda mrefu kuliko kuzunguka bwawa.

Siku ya arobaini na nane, saa nne asubuhi, hodi ikapigwa. Mzee Mita alifika getini kabla ya mkewe kuinuka. Ni mkunga, skafu nyekundu shingoni, pumzi juu juu. Macho ya Mzee Mita yakaenda chini kwenye viatu vya mkunga, kwa mazoea: tope jekundu la ng'ambo. Akayainua.

"Dume kaleta samaki," mkunga akasema. "Mdogo, wa kidole. Mama kamrarua vipande kama ukucha, kainamisha kichwa ndani ya kiota. Nikasema moyoni, ni njaa yake tu. Akainama tena. Kikatoka kichwa. Cha kijivu, kinatikisika, hakiwezi hata kujibeba. Kikafungua mdomo."

Mkewe akajishika kifua.

"Amechelewa kwa baridi," mkunga akaongeza kwa upole, "lakini amekuja."

"Una hakika?"

"Mzee."

"Umeona kwa macho yako?"

"Nimeona kwa macho yangu."

"Nije lini?"

"Akianza kusimama ukingoni na kupiga mabawa. Siku sitini, zaidi kidogo."

"Sitini," akasema Mzee Mita, na mkewe akangoja abishe. Hakubisha. "Karibu ndani, mama. Kuna chai."

Mkunga akaketi kwenye kiti cha mwenye nyumba bila kujua, na hakuna aliyemwambia. Mzee Mita akaleta daftari, akaliweka mezani, akafungua ukurasa ambao haukuwa na kitu tangu siku ya thelathini na tisa. Akamuuliza saa. Mbili na dakika tano, akajibu mkunga. Akaandika kwa wino wa kawaida: "Siku ya 48. Saa mbili na dakika tano. Kinda mmoja."

Kisha kalamu ikasimama juu ya safu ya mwisho. Akaifikiria herufi K, ile ya wenzake wa siku za mvua, akaiacha, kwani hili halikuwa la kukisia. Chai ikapoa. Mkewe na mkunga walimtazama, na bila kufinya jicho lolote Mzee Mita akaandika neno ambalo halikuwahi kuingia katika kitabu chake tangu aanze kazi: "Nimeambiwa."